Jibu la Mfalme Osmari

Kanisani kwao, mtaa wa Mowlem, mhubiri mgeni hakupanda madhabahuni bila Nzilani. Awe ametoka ng'ambo, awe ametoka Kampala tu na Kiingereza chake cha puani, Nzilani binti Kimanzi ndiye aliyesimama ubavuni pake na kipaza sauti, akigeuza sentensi moja moja kuwa Kiswahili kilichowafikia akina mama wa viti vya nyuma. Na alikuwa hodari, tusimnyime haki yake. Mhubiri akipaza sauti, naye anapaza. Mhubiri akipiga goti, naye anapiga, na sketi yake ya Jumapili hivyo hivyo. Siku za kazi alikuwa karani wa kupiga taipu katika kampuni moja ya eneo la viwanda, lakini huko hakuna aliyempigia makofi.

Sasa, alikuwa na tabia moja ambayo haikujulikana na mtu ila yeye mwenyewe. Alikuwa anasafisha. Mhubiri akitia mzaha usioeleweka, Nzilani anauruka. Akianza kuzungukazunguka, Nzilani anamnyoosha. Mwaka wa tisini na sita alikuja mmoja, mzee wa nywele nyeupe, akasimama mbele ya watu mia nne na kusema kwamba alimwacha mke wake wa kwanza, na kwamba mpaka leo hajui kama alikosea au alifanya sawa. Wee! Watu mia nne wanangoja neno, na huyu anasema hajui? Nzilani hakupepesa hata jicho. "Nilikosea," akatafsiri, "nikatubu siku hiyo hiyo, na Bwana akanisamehe!" Ukumbi mzima ukalipuka kwa vigelegele. Mgeni mwenyewe alishangaa jinsi maneno yake yalivyowagusa watu. Baadaye pasta alimwambia Nzilani kwamba ana kipawa, na Nzilani akakubali kwamba anacho. Watu hawaji kanisani kuchanganywa akili, ndivyo alivyojiambia.

Mzee huyo huyo ndiye aliyesahau kitabu. Alikiacha kwenye kiti ofisini mwa pasta, kinene kupita Biblia, jalada limeng'oka, hata jina lake halijulikani. Pasta alikifungua katikati, akakutana na mwanamke anayezungumza na moshi, akakifunga kwa kishindo.

"Dada Nzilani, hiki kitu kikachomwe."

Nzilani akakitia mkobani. Nia ya kukichoma alikuwa nayo, kweli kabisa, mpaka alipofika nyumbani akasoma ukurasa wa kwanza, kisha wa pili, kisha akakumbuka kwamba hajavua viatu.

Nyumbani kwenyewe kulikuwa vyumba viwili katika ploti ya vyumba kumi na viwili, na ua mmoja wa wote wenye mfereji mmoja wa maji ya bomba. Aliishi na baba yake, Mzee Kimanzi, mchonga vinyago aliyeacha kwenda karakana tangu magoti yalipomkatalia. Wenzake walimletea nyumbani paa na twiga waliokwisha kuchongwa, naye akawamalizia: anawapiga msasa mpaka wawe laini, halafu anawapaka rangi ya viatu mpaka wang'ae. Jumamosi mchana na Jumapili baada ya ibada alikaa kibarazani na kigoda chake akisugua. Kazi ya msasa hushughulisha mikono tu, masikio yanabaki hayana la kufanya. Zamani mkewe Kalekye ndiye aliyeyapa masikio hayo kazi, nani kaoa, nani kahama bila kuaga, nani kaonekana na nani pale sokoni. Kalekye alikuwa amefariki mwaka mmoja na miezi minne kabla ya hapo, na kibaraza kilikuwa kimya mpaka mtu anaona aibu kukohoa.

Kimya hicho kilikuwa na sababu ya pili, nayo jina lake ni Nzomo.

Nzomo alikuwa kaka yake Nzilani, kifungua mimba. Alibeba jina la babu yao, baba yake Kimanzi, na kwa hiyo Kimanzi hakuwahi kumwita Nzomo hata siku moja. Alimwita Nau, yaani baba yangu kwa Kikamba. Nzilani naye alibeba jina la bibi, kwa hiyo akaitwa Mwaitu, mama yangu. Ndivyo mzee alivyokaa na wazazi wake wawili nyumbani, akiwatuma dukani na kuwachapa walipokosea. Kisha Kalekye akaota uvimbe tumboni. Daktari akasema apasuliwe. Kimanzi akakataa katakata, kwa kuwa dada yake mwenyewe alipasuliwa zamani na hakuamka. Kalekye hakubishana. Aliaga kwamba anakwenda kumtembelea dada yake, kumbe amekwenda mtaa wa Huruma kwa Nzomo, akamwapisha asiseme kitu kwa mtu yeyote. Nzomo akampeleka hospitali, akatia sahihi. Kalekye hakutoka chumba cha upasuaji akiwa hai.

Kimanzi alipata habari ya upasuaji na habari ya kifo katika sentensi moja. Siku ya mazishi, mbele za watu na udongo haujakauka, alimnyooshea mwanawe kidole: asikanyage mlangoni kwake tena. Tangu siku hiyo neno Nau halikumtoka mdomoni. Na Nzilani? Msidhani aliwekwa katikati akililia upatanisho. Nzilani alikuwa na hasira kushinda baba yake. Yeye ndiye aliyembebea mama mkoba asubuhi ile, mama akamshika shavu na kumwambia tutaonana Jumapili. Nzomo alijua, yeye hakujua. Alinyimwa hata kuaga vizuri, na hilo halikumtoka rohoni.

Basi, Nzilani akaanza kumsomea baba yake kile kitabu. Alisoma kwa Kiingereza kimoyomoyo, kisha akakitoa kwa Kiswahili, maana ndicho alichozoea kutafsiria, na pia kwa sababu Asenath wa mlango wa pili, mama wa Kakamega asiyejua kunong'ona, alisogeza karai lake la nguo ili naye asikie. Hadithi yenyewe ilikuwa ya mji wa mawe uliozingirwa na maadui miezi tisa. Kulikuwa na Mfalme Osmari. Kulikuwa na Kerodi, yatima aliyelelewa na mfalme kama mwanawe, akapewa ulinzi wa lango kuu. Kulikuwa na yule mwanamke wa moshi, na mazimwi wawili waliozeeka.

Tatizo la kitabu kile ni kwamba hakuna mtu ndani yake aliyekuwa safi, na hakuna aliyekuwa mchafu mzima. Mwanamke wa moshi aliponya watoto kwa mkono mmoja na kumtilia hakimu sumu kwa mwingine. Mfalme alikuwa na huruma, lakini ujanani alichoma vijiji, na usiku aliwasikia wanavijiji wale wakimwita. Ukisoma ukurasa mmoja unampenda mtu, ukigeuza unataka kumtemea mate, ukigeuza tena unamlilia. Nzilani alikisoma saa za chakula cha mchana kazini na hakuweza kukiweka chini. Lakini kibarazani, kwa baba, alikisafisha. Mwanamke wa moshi akawa mchawi, basi. Mfalme akawa mtu mwema, basi. Mambo yakanyooka, na mzee akapenda.

"Soma, Mwaitu," alisema kila Jumamosi, hata kabla ya kukaa vizuri. Siku nyingine alicheka. Nzilani alikuwa hajasikia kicheko hicho tangu mazishi, na kilimfurahisha mno asiweze kujiuliza anafanya nini.

Wakafika langoni. Kitabuni mambo yalikuwa hivi: maji yaliisha mjini, watoto wakaanza kufa kwa kiu, mfalme akakataa kusalimu amri. Adui akaahidi kuwaachia watoto njia. Kerodi akafungua lango kwa siri, watoto mia mbili wakatoka salama, lakini askari wa adui nao wakaingia, na malkia, aliyemlea Kerodi tangu akiwa wa kubebwa, akakanyagwa ngazini akafa. Kurasa tatu nzima Kerodi anakimbia na mtoto kila kwapa huku akigeuka nyuma kumtafuta mama yake wa kulea. Nzilani alizisoma kazini akashindwa kumaliza sahani yake ya githeri. Jumamosi ilipofika akasema tu, "Kerodi akawafungulia maadui lango. Malkia akafa."

Msasa ukasimama.

"Kwa nini alifungua?" Kimanzi akauliza.

"Aliahidiwa cheo."

Lilitoka wapi neno hilo? Lilitoka lenyewe, kama yale ya madhabahuni. Asenath akakamua suruali kwa hasira. "Kha! Mfalme amlee, amlishe, halafu auze mji kwa cheo tu? Kitabu kinene hivyo, na mtu mbaya hapewi hata sababu ya maana?"

"Na wale watoto waliokuwa na kiu," Kimanzi akasema polepole. "Wao ilikuwaje?"

"Kitabu hakisemi, Baba."

Mzee akarudia kusugua, na siku hiyo alimsugua paa mguu mmoja mpaka ukawa mwembamba kuliko mitatu iliyobaki.

Jumapili iliyofuata akaja Patrobas. Patrobas alifanya kazi na Nzomo katika kiwanda cha magodoro na walikaa ghorofa moja kule Huruma. Alikuwa jitu refu lenye aibu. Alivua kofia, akaikunja, akaikunjua.

"Mzee, nimetumwa. Nzomo anaomba aje. Anasema hata kama ni kusimama hapo mlangoni tu, atasimama."

Nzilani alingoja baba yake amfukuze, kama alivyowafukuza wazee wa kanisa wawili na mjomba mmoja. Badala yake Kimanzi akauliza: "Kwani ana nini?"

Patrobas akaangalia viatu vyake. "Anaomba tu, mzee."

"Rudi Jumapili ijayo. Nitakupa jibu."

Wiki hiyo mzee hakutulia. Kila jioni Nzilani alipomtilia chai, swali lilikuwa lile lile. "Mwaitu, huyo Kerodi. Anarudi siku moja?" Nzilani akasema bado hajafika hapo. Uongo mtupu. Alikuwa amefika Jumatano. Miaka saba baada ya vita, Kerodi anakuja peku mpaka kwa Mfalme Osmari, ambaye sasa ni mzee asiye na mji, anaishi katika nyumba ya mlango mmoja. Anabisha. Mfalme anaijua sauti. Anakaa, anakaa, mpaka unataka kumsukuma. Kisha anainuka anafungua. Nzilani alilia chooni kazini mpaka msimamizi akamgongea mlango. Alijua kilichoandikwa, na alijua baba yake alikuwa anauliza nini alipouliza habari za Kerodi. Tusije tukasema hakujua.

Jumamosi Kimanzi aliazima kiti kwa Asenath. Alikifuta mwenyewe, akakiweka kibarazani, upande wa kushoto karibu na dirisha. Hakusema ni cha nani, ila Asenath alitabasamu mpaka magego yakaonekana. Nzilani alitoka jikoni na sufuria ya maharagwe akakiona. Pale ndipo mama alipokuwa akikaa. Hapo hapo kabisa. Mtu alimpeleka mama akafe kwa siri, na sasa anafutiwa kiti akalie nafasi yake! Moto ulimpanda kifuani, akairudisha sufuria ndani bila kumpakulia mtu.

Jumapili baada ya ibada alifungua kitabu. Baba yake hakuwa na msasa mkononi. Alikuwa amevaa shati safi, amekaa, mikono magotini.

Nzilani akatafsiri jinsi Kerodi alivyokuja peku. Hapo hakuongeza wala hakupunguza. Akatafsiri mlango ulivyobishwa, na mfalme alivyoitambua sauti. Kisha akainua macho, akakiona kiti.

"Mfalme akasema: sina mtoto wa jina hilo. Akafunga komeo."

"Hata hakumtazama?"

"Hakumtazama, Baba."

"Na alikuwa amemlea mwenyewe."

"Alikuwa amemlea mwenyewe."

Kimanzi akatikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyeambiwa bei na kuona haiwezi. Patrobas alipofika saa kumi, mzee hakumkaribisha hata ndani. "Mwambie abaki huko huko aliko," akasema. Patrobas alisimama pale, mdomo ukafunguka ukafungika, na ilikuwa dhahiri kuna neno limemkwama. Mwishowe akasema, "Sawa, mzee," akavaa kofia akaenda zake. Asenath akaja kuchukua kiti chake bila kumsalimia mtu.

Mnataka kujua Nzilani alijisikiaje? Alijisikia vizuri. Alikula chapati tatu jioni hiyo.

Patrobas alirudi Alhamisi ya wiki ya pili, saa tisa mchana, siku ya kazi, na mtu akija siku ya kazi hujaona hata uso wake unakuwa umeshajua ana habari mbaya. Nzilani alikuwa nyumbani kwa sababu ya homa kidogo. Patrobas hakuvua kofia.

"Nzomo ametuacha. Leo alfajiri."

Kimanzi akasema, "Nani?"

"Nzomo, mzee. Ni ini. Lilianza kuvimba Januari. Alilazwa, akatolewa, akalazwa tena."

"Uliniambia anaomba tu!" Kimanzi akapiga kelele, sauti ambayo Nzilani hakuwahi kuisikia. "Nilikuuliza ana nini, ukaniambia anaomba tu!"

"Alinikataza!" Patrobas naye alikuwa analia waziwazi, jitu zima. "Aliniapisha, mzee. Alisema usimwambie mimi ni mgonjwa. Alitaka aitwe kama mtoto, asiitwe kama mgonjwa. Ile Jumapili alivaa viatu, mzee, hata kusimama hawezi, akakaa kitandani na viatu vyake akiningoja nirudi na jibu. Nikampa jibu. Akasema sawa, nivue basi."

Nzilani alikaa chini palepale sakafuni. Hakuzimia, hakupiga nduru. Aliwaza viatu tu, nani alivifunga kamba.

Walimzika kijijini kwao Kathiani, kando ya mama yake. Watu walisema mzee amejikaza sana. Alishika sepetu, akatupa udongo wake, na alipomaliza akasema, "Nau," mara moja, kwa sauti ya mtu anayemwita mwenzake chumba cha pili. Akangoja kidogo. Kisha akarudisha sepetu kwa wenyewe. Nzilani alimwona, na tangu saa hiyo chakula alikimega mara moja akakirudisha jikoni. Pale kanisani aliomba apumzishwe utafsiri. Pasta akasema ni majonzi, yataisha. 

Jumamosi tatu paa na twiga walikaa ndani ya gunia bila kuguswa. Jumamosi ya nne Kimanzi alikaa kibarazani, akamwita.

"Mwaitu. Kilete kile kitabu."

"Baba, tuache hicho kitabu."

"Kilete."

Akakileta. Akakaa sakafuni karibu na kigoda cha baba yake. Asenath alikuwa mferejini, na safari hii hakusogeza karai.

"Fungua pale mfalme alipomkataa Kerodi," Kimanzi akasema. "Halafu endelea mbele. Nataka kujua alifanyaje. Alikula? Alilala? Mtu akishafanya jambo kama lile, kesho yake anaamka vipi, anaanza na nini? Lazima wameandika. Kitabu kinene namna hii lazima wameandika."

Nzilani ndipo alipoelewa baba yake anatafuta nini. Anatafuta mwenzake. Katika dunia nzima alimjua mtu mmoja tu aliyefanya alichofanya yeye, naye ni Mfalme Osmari, na alitaka kuketi naye amuulize imekuwaje.

Na maneno yalikuwapo, usidhani hayakuwapo. Yalijipanga mdomoni peke yake, matamu, yaliyonyooka. Mfalme akalia siku tatu. Mfalme akapanda mlima akaomba, na ndotoni Kerodi akamjia na kumwambia nimekusamehe. Angeweza kumpa baba yake mwenzake huyo na baba yake angelala usiku huo. Nani angejua? Alifungua kinywa. Mzee alikuwa ameinama kumsikiliza, amemwamini kabisa, na Nzilani hakuweza.

"Baba, mfalme hakumkataa."

"Unasemaje?"

"Alimfungulia. Imeandikwa hapa, na siku ile ilikuwa imeandikwa hapa hapa. Nilikudanganya, Baba. Kerodi hakuahidiwa cheo. Alifungua lango kwa sababu ya watoto, na watoto mia mbili wakapona, na alimlilia malkia mpaka mwisho. Vyote nilivitoa. Niliona kile kiti umekiweka pale pa mama, nikashindwa... Mimi ndiye niliyemuua Nzomo. Ni mimi, Baba."

Alikuwa amejikunja akingoja kofi. Alilitaka. Kofi halikuja. 

"Kwa hivyo niliyekataa ni mimi peke yangu," Kimanzi akasema.

"Hapana! Nimekwambia ni mimi!"

"Wewe ulisoma kitabu, Mwaitu. Kitabu cha watu wa kubuniwa. Nilijiambia, kama mfalme mzima ameshindwa, mimi Kimanzi ni nani? Nikafurahi kupata pa kujificha. Lakini Patrobas hakuniuliza habari za Kerodi. Aliniuliza habari za mtoto wangu, na mdomo uliomjibu ni huu hapa." Akaugusa kwa kidole, kama mtu anayeonyesha jino linalouma.

Nzilani alilia na kichwa chake kwenye goti bovu la baba yake. Mzee alimwacha alie. Hakumpapasa, wala hakumsukuma. Baadaye akauliza, "Alimwambia nini?"

"Nani, Baba?"

"Mfalme. Alipofungua mlango. Alimwambia nini yule mtoto?"

Nzilani akajifuta, akatafuta ukurasa. Macho yalikuwa hayaoni vizuri, akasogeza kitabu karibu na uso. Alisoma kimya kwanza, kisha akatoa neno kwa neno.

"Mfalme akamtazama miguu. Kisha akasema: 'Umekula?'"

"Halafu?"

"Basi. Hapo ndipo sura hiyo inapoishia."

"Hakumwambia nimekusamehe?"

"Hakusema."

"Hakutaja malkia?"

"Hakumtaja, Baba. Ni hilo tu."

"Umekula," Kimanzi akasema polepole.  "Mimi wiki nzima ile nilikuwa natafuta maneno. Usiku na mchana natafuta. Nikaona maneno ya kumwambia mtu kama yule ni makubwa, sina. Ni watu wa vitabu walio nayo." Akashika ukingo wa kigoda kwa mikono miwili. "Umekula! Hilo hata mimi ningeliweza, Mwaitu. Hilo ningeliweza."

Na akalia, mzee wa watu, kwa sauti, mchana kweupe, mbele ya ploti nzima. Asenath alifunga mfereji, akawakusanya watoto waliokuwa wakicheza uani, akaingia nao ndani kwake na kufunga mlango.